Uji wa Glasi Ndefu

SWALI: Mwalimu, naishi Kibosho na wajukuu wawili. Mkubwa ana miaka 9, mdogo ana 5. Kila asubuhi nawamiminia uji kwenye vikombe viwili vinavyolingana, kila mtu anaridhika. Juzi dada mtu akataka kunywea kwenye ile glasi ndefu ya wageni. Nikamhamishia uji wake, mdogo akiwa anatazama. Akaangua kilio: "Bibi, umempa mwingi!" Nikaurudisha kikombeni, akanyamaza. Nikaumimina tena kwenye glasi, akalia tena! Mama yao yuko Dar, anasema namdekeza. Jirani anasema ana choyo. Au ni kichwa hakijakaa sawa?
Bibi wa wawili

JIBU: Shikamoo bibi. Kichwa kimekaa sawasawa, na choyo hakuna. Mwenye choyo anataka azidi wenzake. Mjukuu wako analilia haki yake, ila jicho limemponza.

Tena umenichekesha, maana umefanya jaribio lilelile la Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi. Yeye alitumia maji, wewe uji. Mtoto wa umri huo hushika jambo moja tu, yaani uji umepanda juu. Kwamba glasi ni nyembamba, hilo halijumlishi. Wala hawezi bado kuumimina uji kinyumenyume akilini, aone kuwa ukirudi kikombeni utakuwa uleule. Wengi hufikia hapo wakiwa na miaka kama 7. Dada mtu ameshavuka, ndiyo maana anamshangaa.

Nilipokuwa nafundisha chekechea Majengo, nilipanga vifuniko vya soda safu mbili, sita kwa sita. Darasa zima: "Ziko sawa!" Nikaitanua safu moja, nikauliza tena. Wakanionyesha ile iliyotanuka kwamba ndiyo yenye vingi, wengine walivihesabu kabisa wakafika sita na bado wakashikilia. Nilirudi nyumbani nikidhani nimeshindwa kazi.

Baadaye nikasoma kuwa mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya jambo kama hilo, ila safu ikavurugwa na mwanasesere mtukutu, kana kwamba ni bahati mbaya. Watoto waliojibu vizuri wakaongezeka sana. Mtu mzima akipanga upya vitu kwa makusudi kisha akarudia swali, mtoto huhisi kuna kitu anatakiwa aone kimebadilika. Kwa hiyo bibi, usimhoji tena na tena "sasa nani ana mwingi?" Utamchanganya.

Mwache amimine mwenyewe. Kuna utafiti wa mwaka 1969 kule Meksiko: watoto wa wafinyanzi, waliokua wakichezea udongo, walitambua mapema kuliko wenzao kwamba donge likibadilishwa umbo udongo hauongezeki. Kama unauza maziwa, mpe kipimo cha robo lita ashike yeye, ajaze, amwage, ajaze tena. Mhadhara hautamsaidia.

Na jirani asimcheke. Sisi wenyewe pale sokoni Kiboriloni tunaona sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, imejazwa kichuguu tunaikimbilia, hatuangalii kitako kama kimebonyezwa ndani.

Kwa asubuhi zile za haraka, mpe na yeye glasi ndefu.