Ukitumiwa link ya ulimwengu wa kioo, ziulize nyota kwanza

Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo kila habari ya ajabu ya sayansi inayozunguka WhatsApp lazima inifikie, na hii ya kwamba kila chembe ina pacha wake aliyejificha, kama sura yako kwenye kioo, haichoki kurudi. 2019 ndo ilivuma kweli, eti kule maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, wanafungua mlango wa ulimwengu mwingine. Mlango gani jamani! Walirusha nyutroni (zile chembe zisizo na chaji za kwenye kiini cha atomu) kwenye ukuta waone kama kuna zitakazogeuka pacha, zipenye, halafu zirudi kuwa nyutroni za kawaida upande wa pili. Majibu yakatoka 2022: hamna kitu.

Sasa mimi kabla sijaforward huwa nauliza nyota za nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka, zinasemaje, na wewe fanya hivyo hivyo. Nyota moja ina uzito kama wa jua moja na nusu, imebanwa kwenye tufe la upana wa kilomita 20 na ushee, na ndani nyutroni zimejaza ngazi zote za nishati kuanzia chini, kama siti za daladala jioni watu wakitoka kazini. Mmoja akigeuka pacha anaacha siti wazi, wa juu anadondokea pale fasta, na nishati anayoipoteza inatoka kama joto. Kwa hiyo kama mageuzi hayo yanatokea sana, hata nyota kongwe isingepoa.

Ila kuna iliyopoa. PSR J2144-3933 ni pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka na kutuma mawimbi ya redio kwa mapigo, na ni ya zamani sana, inajizungusha mara moja kila sekunde 8.5 (kwa pulsa huo ni uvivu), na darubini ya angani ya Hubble ilipoitazama haikuambulia hata mwanga, maana yake uso wake hauzidi kelvini 42,000. Ndio, uso wa jua haufiki 6,000, lakini nyota changa za aina hii zinagonga milioni, so hiyo ni baridi kabisa. 2021 wanafizikia McKeen, Pospelov na Raj wakaitumia kuonyesha kwamba nyutroni zikigeuka pacha basi zinageuka taratibu mno, na kipimo chao kinafika hata pale pacha anapomzidi nyutroni uzito kidogo, mahali ambapo maabara inapata shida.

Usije ukamwambia mtu nadharia imekufa lakini. Imebanwa tu, tena upande wa nyutroni, pacha wa chembe nyingine ni kesi tofauti. Na 42,000 ni kikomo cha darubini, huenda nyota yenyewe ni baridi zaidi ya hapo, ndo maana wapo wanaotaka kutumia darubini ya James Webb kutafuta kongwe zenye joto la kelvini elfu chache tu. Link ya namna hiyo ikija, hiyo nifowadie hata usiku wa manane.