Printa inaandika "Offline"? Usiirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, linganisha namba mbili kwanza

Mkuu, toa mkono kwenye hiyo menyu ya printa. Kama umeshafika pale inapouliza kama una uhakika, bonyeza hapana, kisha urudi hapa usome.

Umesema ruta ilizimika, ilipowaka kompyuta yako ikaanza kuonyesha printa iko "Offline", mwenzako wa meza ya pili anaprinti kama kawaida, na fundi wenu amewaambia mrudishe printa kwenye mipangilio ya kiwandani. Hili la fundi haliwezi kusubiri.

Mwenzako anaprinti! Printa inayomhudumia mtu mwingine dakika hii hii ni nzima. Sasa fundi anataka mumfute mzima ili mgonjwa apone?

Ofisini kwetu tulipewa ushauri huo huo, kwa simu, na fundi ambaye hakuuliza swali hata moja. Tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi, kompyuta mbili zimegoma, zilizobaki zote zinaprinti. Akasema ingieni kwenye mipangilio, futeni kila kitu, itakaa sawa. Tukafuta. Printa ikazima, ikawaka, ikatuuliza lugha kama imetoka kwenye boksi siku hiyo.

Sikiliza kilichoondoka. Ile printa ilikuwa imepewa anwani ya IP ya kudumu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, na kompyuta zote za ofisi ziliijua kwa anwani hiyo. Ilipofutwa, ikaomba anwani mpya kwa ruta, na hata zile kompyuta zilizokuwa zinaprinti zikaandika "Offline". Kutoka wagonjwa wawili tukawa ofisi nzima. Orodha ya barua pepe za wafanyakazi kwa ajili ya kutuma nyaraka zilizoskaniwa ikaenda. Mipangilio ya seva ya barua pepe ikaenda, na aliyeiweka alishaacha kazi. Namba za siri za kila idara, zile zinazohesabu nani ametumia karatasi ngapi, zikaenda. Hakuna aliyekuwa amehifadhi nakala, na fundi hakutuambia kwamba printa nyingi za ofisi zinaruhusu kuihifadhi kabla ya kufuta. Tulipompigia tena akasema hayo ni ya kawaida, tuyaandike upya. Tuyaandike kutoka wapi?

Na chanzo chenyewe? Neno la siri la WiFi ya ofisi lilikuwa limebadilishwa, zile kompyuta mbili zikahamia zenyewe kwenye WiFi ya wageni. WiFi ya wageni kwa kawaida hutengwa makusudi ili mgeni asifikie vifaa vya ndani. Printa haikuwa na kosa lolote. Bado namkasirikia yule fundi, kwa sababu kulijua hilo kulihitaji kutazama namba mbili tu, na yeye ndiye aliyelipwa kuzitazama.

Kwa hiyo kabla hujafuta, hujaondoa, hujasakinisha chochote, weka namba mbili kando kwa kando: anwani ambayo printa inayo sasa, na anwani ambayo kompyuta yako inaitafuta.

Ya kwanza iulize printa yenyewe. Kwenye kioo chake tafuta taarifa za mtandao, au iambie itoe ukurasa wa mipangilio. Utaona kitu kama 192.168.1.47. Ya pili iko kwenye kompyuta. Kwenye Windows fungua orodha ya printa, chagua hiyo yenu, ingia "Printer properties", halafu "Ports", yaani milango ambayo kompyuta hutumia kuifikia printa. Mstari wenye alama ya tiki ndio unaotumika, na anwani imeandikwa pale au ndani ya "Configure Port".

Mimi naweka dau kwamba kwako hazifanani. Ruta hugawa anwani kwa muda, haigawi milele. Ilipozimika na kuwaka, printa ikapewa nyingine, na kompyuta yako inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji ameshahama. Mwenzako huenda aliongezewa printa kwa njia ya WSD, ambayo huitafuta upya kwenye mtandao, ndiyo maana yeye hakutikiswa.

Zikiwa tofauti, bonyeza "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port", andika anwani mpya, basi. Kisha mwambie anayeshika ruta aifungie printa anwani moja kwa kutumia MAC yake, namba ya utambulisho iliyopewa kifaa kiwandani, ambayo iko kwenye ukurasa ule ule ulioutoa. Asipofanya hivyo, umeme ukikatika tena mtarudi hapa hapa.

Kama anwani ya printa inaanza na 169.254, acha kompyuta kabisa. Maana yake ruta haikuipa printa anwani, printa ikajipachikia yenyewe. Angalia kebo, au kama iko kwenye WiFi, angalia kama neno la siri limebadilika. Kama printa inaanza na 192.168.1 na kompyuta yako yenyewe, ukiandika ipconfig kwenye Command Prompt, inaanza na 192.168.0, basi kwenye ofisi nyingi ndogo hiyo ni mitandao miwili. Hilo ndilo lililotukuta sisi.

Tena usidanganywe na ping, ile amri inayouliza kama kuna kifaa kinachojibu kwenye anwani fulani. Anwani ya zamani ya printa inaweza kuwa imepewa simu ya mtu, nayo simu itajibu ping vizuri tu, ukaamini printa iko pale. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari. Printa nyingi za mtandao zina ukurasa wao, utaona jina la modeli na kiwango cha wino. Au fungua PowerShell, dirisha la kuandika amri kwenye Windows, uandike Test-NetConnection, anwani, kisha -Port 9100. Mlango 9100 ndio ambao printa nyingi hupokelea kazi.

Namba zikifanana na bado inaandika "Offline", rudi "Configure Port" uondoe tiki kwenye "SNMP Status Enabled". SNMP ni njia ambayo Windows hutumia kuiuliza printa hali yake; printa isipojibu maswali hayo, Windows huihesabu haipo hata kama iko tayari. Na kama kazi zimekwama kwenye foleni, anzisha upya Print Spooler, huduma ya Windows inayosimamia foleni hiyo. Hayo hayachukui muda.

Usikubali pia wakikuambia "basi ondoa printa kwenye kompyuta uiweke upya". Baada ya PrintNightmare, udhaifu wa kiusalama wa Windows wa mwaka 2021, Microsoft ilibana usakinishaji wa draiva za printa, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia printa, na kwenye kompyuta nyingi za ofisi sasa unahitaji haki za msimamizi. Ukiondoa bila kuwa na neno lake la siri, utakaa na kompyuta isiyo na printa kabisa hadi apatikane. Kubadilisha mlango nako huenda kukaomba haki hizo, ila pale hujapoteza kitu ukiwa unamsubiri.

Fundi wenu akija, mwombe akuonyeshe hizo namba mbili kabla hajagusa kioo cha printa. Akikataa au akasema si muhimu, mzuie, hata kama bosi amesimama pale. Wewe ndiye utakayebaki kuandika upya barua pepe za watu wote.

Sasa hivi toa ule ukurasa wa mipangilio, fungua "Ports", uziandike zote mbili hapa, pamoja na yale maneno yaliyo kwenye mstari wenye tiki kama yalivyo. Nipo, nasubiri.