Mdogo wangu mwenye bipola anataka kuacha dawa
Pole sana dada. Umeuliza kama mdogo wako anaweza kuacha lithiamu, dawa yake ya bipola, sababu miezi 6 sasa yuko poa na amechoka kumeza vidonge. Mimi naishi na bipola, huu ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka sana, mwaka wa 9 huu na jibu langu ni asiache kimya kimya, manake hiyo nafuu mara nyingi ndo dawa yenyewe inafanya kazi, ukiikata ghafla mania, yaani ile hali ya kupanda kupita kiasi, inaweza kurudi haraka. Mimi niliacha nikijiona nimepona, wiki chache tu silali, naongea bila kituo, hela nimemaliza yote na bado najiona nina akili kuliko wote, alafu ikaja kushuka sasa, hata kuoga siwezi. Kwa hiyo chunga usingizi wake kabla ya kitu kingine, akianza kulala masaa 3 na anaamka na nguvu kibao usisubiri, ongea na daktari wake siku hiyo hiyo.

Kama kinachomkera ni mikono kutetemeka au kiu, aseme, dozi inaweza kurekebishwa. Vipimo vya damu asiruke, lithiamu ikizidi ni sumu, na figo na tezi ya shingo nazo zinachunguzwa. Akitapika au kuharisha sana apige simu kwa daktari, na ibuprofeni asinywe bila kuuliza maana inapandisha lithiamu kwenye damu.

Akiongelea kufa msimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Na tafadhali asiambiwe ni uvivu au mapepo, inaumiza sana hiyo.