Fundi Ajibu: Tyubu Uliyoifunga Kwenye Fremu Ndiyo Inayokula Rangi

SWALI: Fundi, naendesha baiskeli kutoka Nyamasaria hadi kazini katikati ya mji wa Kisumu, siku sita kwa wiki. Niliinunua mpya, ya chuma, rangi ya buluu. Mwaka haujaisha na tayari imechubuka shingoni, na bomba la juu limejaa mikwaruzo. Jirani ananiambia nizungushie fremu yote tyubu kuukuu. Kazini wanasema nisugue na dawa ya meno. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja. Na kama ile nailoni ya dukani bado umeiacha kwenye fremu, ibandue leo.

Ndugu yangu, wiki haipiti bila mtu kuniletea fremu iliyofungwa tyubu kama mguu wenye bendeji, naye anajivuna jinsi alivyoitunza. Masika yaliyopita nililetewa moja ya namna hiyo. Nilipoichana ile tyubu kwa wembe, yakatiririka maji ya rangi ya chai. Rangi ya fremu ilikuwa imefanya malengelenge. Nikayagusa kwa kucha, yakabanduka kama magamba ya samaki. Karibu na pedali bisibisi ilizama ndani ya chuma kama inaingia kwenye muhogo uliooza. Na mkwaruzo? Haukuwepo hata mmoja.

Tyubu haigandi kwenye chuma, imekizunguka tu. Maji ya mvua na jasho hupenya kwenye maungio, na yakishaingia hayana pa kutokea. Vumbi nalo huingia, na kila ukiruka shimo la barabara linasaga rangi humo ndani. Maji yakifika kwenye chuma, kutu inaanza, na kutu huvimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo sababu rangi huinuka. Mkwaruzo ulio wazi hukauka jua likitoka. Ulio chini ya tyubu haukauki mpaka Januari, na kwa unyevu wetu huu wa ziwani, hata Januari sina hakika.

Sasa yako. Hapo shingoni hujagongwa na mtu. Ni waya wa breki unaosugua kila ukikata kona, ukisaidiwa na vumbi. Tafuta stika ya plastiki angavu, ile ngumu yenye gundi upande mmoja mzima, kata kipande cha ukubwa wa stempu, osha na ukaushe fremu, kisha ubandike pale waya unapogusa, na popote mnyororo unapopigapiga karibu na gurudumu la nyuma. Gundi ikishika sawasawa maji hayana pa kupita, na hapo ndipo inapotofautiana na tyubu. Kona yake ikianza kuinuka, toa uweke nyingine.

Bomba la juu nadhani ni nyororo la kufuli, au nguzo unayoegemezea. Livishe nyororo tyubu, hapo ndipo mahali pake! Ukiegemeza, iguse nguzo kwa kiti, si kwa fremu. Na acha kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Mwagia maji kwanza. Nimewahi kufanya kazi Nakuru, na lile vumbi lao la majivu ya volkano chini ya kitambaa ni msasa mtupu.

Kwa mikwaruzo iliyopo, pitisha kucha. Isiponasa, ni klia tu iliyoguswa, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi; paka nta ya magari, isugue kidogo, uiache. Ikinasa na ukaona chuma, usingoje wikendi. Sugua kutu yote kwa msasa wa namba 400 mpaka chuma king'ae, pangusa kwa spiriti, paka praima, ile rangi ya chini, ikikauka weka rangi kwa tabaka nyembamba mbili au tatu. Kwa alama ndogo rangi ya kucha inatosha kabisa, na wasiokubali wacheke. Fanya hivyo mchana wa jua. Ukipuliza klia jioni hewa ikiwa nzito, itakauka na ukungu mweupe.

Dawa ya meno ina unga wa kusugua. Haizibi mkwaruzo, inaishusha klia ya pembeni mpaka ilingane na shimo. Mara ya kwanza utafurahi. Ukirudia na kurudia, rangi inabaki uchi. Oili chafu ya injini inang'arisha siku moja, kesho yake imekusanya vumbi la barabara nzima. Kuna kijana nilimkuta anang'arisha fremu ya mteja kwa oili ya breki, ambayo huyeyusha rangi! Alipewa pesa na akaambiwa asante.

Lakini wanaonikera zaidi ni wapuliza rangi. Baiskeli inaingia na kutu, inatoka baada ya saa moja inameremeta, msasa haujaguswa. Kutu iko palepale chini, imevalishwa shati jipya, na ikiwa kuna ufa kwenye uchomeleaji wa shingo, nao umefunikwa. Nyingi za namna hiyo huishia sokoni kama mitumba "safi kabisa". Kwa hiyo ukienda kununua iliyopakwa juzi, geuza magurudumu juu utazame namba ya fremu iliyogongwa chini ya pedali. Ikiwa imezibwa na rangi, uliza kwa nini. Kisha chomoa kiti uingize kidole ndani ya bomba, maana huko bunduki ya rangi haifiki. Kidole kikitoka chekundu, mwachie muuzaji baiskeli yake.