Jibu kwa mwenye printa moja na kompyuta nne (Linux na FreeBSD)

Mleta mada anasema ofisini kwake kuna printa moja ya USB, kompyuta tatu za Linux na moja ya FreeBSD, na amechoka kuona watu wanapishana na flashi. Mkuu, mimi nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya, hayo yote nimeyapitia.

Chukua kompyuta moja ya zamani iwe seva, yaani ndiyo ipokee kazi za kuchapa za wengine wote. Yangu ina RAM ya GB 2 na haijawahi kulalamika. Weka CUPS (programu ya kusimamia printa), chomeka printa, kisha andika `lpinfo -v`. Ukiona mstari wenye usb:// kazi imeanza vizuri. Isajili kwa `lpadmin`. Mimi yangu niliiita mezani. Halafu `cupsctl --share-printers`, na ufungue poti 631 (mlango wa CUPS kwenye mtandao) kwa mtandao wa ndani tu. Kompyuta nyingine zielekeze ipp://192.168.1.10/printers/mezani, ukibadilisha namba ziwe za seva yako.

Namba hizo zifunge zisibadilike. Mimi nilimwachia ruta agawe, ikawa kila umeme ukirudi seva inaamka na anwani nyingine, kompyuta nyingine zinatuma kazi hewani.

Kwenye FreeBSD kuna mtego. Inakuja na lpd yake ya tangu zamani (mfumo wake wa kuchapa), kwa hiyo ukiandika `lpr`, amri ya kutuma kazi kwenye printa, unaita ile ya /usr/bin, wakati ya CUPS iko /usr/local/bin. Nilipoteza mchana mzima: kwenye kivinjari printa naiona, nikituma naambiwa haijulikani. Andika `which lpr` kabla hujaanza kufuta na kuweka upya kama nilivyofanya.

Sasa kilichonitoa jasho na baridi yote ile ya Julai. Umeme ulikatika ripoti ya fildi ya mwanachuo mmoja ikiwa katikati. Seva ilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba), printa haikuwa kwenye UPS (printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo, ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo). Umeme ukarudi, taa ya kijani ikawaka, karatasi haitoki. Dada wa kaunta akatuma tena. Kimya. Akatuma tena. Mimi niko Soweto ya hapa hapa Mbeya nafuata rimu za karatasi.

Niliporudi, `lpstat -p` ikaniambia foleni imesimamishwa. Nikaandika `cupsenable mezani` bila kuangalia nyuma yake kuna nini. Ripoti ile ile ikaanza kumiminika, nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwenyewe amesimama hapo anahesabu.

"Kaka, mimi nalipia moja tu."

Kumbe foleni yangu ilikuwa kwenye mpangilio wa stop-printer: kazi moja ikifeli, printa inasimamishwa na kazi zinarundikana hadi mtu aifungue kwa mkono. Niliibadilisha hivi:

`lpadmin -p mezani -o printer-error-policy=retry-job`

Sasa kazi iliyofeli inajaribiwa tena yenyewe baadaye. Na siku hizi kabla ya kufungua foleni yoyote natazama `lpstat -o` kwanza, zilizojirudia nazifuta kwa `cancel`. Dada wa kaunta naye nimemwandikia amri hizo mbili kwenye karatasi, tumeibandika ukutani.

Ukikwama, tuwekee hapa mistari ya mwisho ya /var/log/cups/error_log. Maandishi, mkuu, siyo picha ya skrini uliyopiga na simu ikiwa imepinda.