Hela ya korosho inakata mwezi wa tatu, baba bado kitandani

SWALI: Dada shikamoo, niko Tandahimba, baba alipigwa kiharusi mwaka jana tunamuuguza nyumbani. Tuko wanne, kaka zangu wawili wako Dar. Mnada wa korosho ukilipa tunachanga vizuri ila ikifika mwezi wa tatu hela imekata, tunaanza mpaka kuruka dawa ya presha na kila mtu anamuona mwenzie mchoyo. Tupangeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Dawa ya presha msiiruke jamani hata siku moja, presha ikipanda ndo kiharusi cha pili kinakuja, hela yake itoke kabla ya kitu chochote. Na kama baba kafika miaka 60 muoneni afisa ustawi wa jamii, mzee asiyejiweza anatibiwa bure hospitali za serikali, ila dawa ikikosekana dirishani mtanunua dukani kwahiyo bakizeni kitu.

Sasa mkichanga tuseme 1,200,000 hiyo sio hela ya msimu, ni laki moja kwa mwezi basi, igaweni siku ileile. Watu wakipanga wanaandika pampasi na uji wanasahau maji, na nyie huko kwenye uwanda wa juu wa Makonde maji mnanunua kwa dumu, mgonjwa wa kitandani mashuka ni kufua kila siku! Kama nyumba ina bati wekeni gata na simtanki kabla ya kununua kingine kikubwa, maana malipo ya korosho yanaingia mvua nazo ndo zinaanza, mpaka mwezi wa nne mtakuwa mnafua bila kutoa hela, na hiyo iliyobaki ndo ya kununulia maji kiangazi.

Halafu nani anamgeuza baba usiku? Ni kila masaa mawili, la sivyo vidonda vya mgongo vinakuja na kuvisafisha ni gharama kuliko yote uliyoyataja. Huyo anayeamka, awe wewe au wifi yako, mchango wake ushatoka, msimdai hela tena, mtafutieni na mtu wa kumpokea hata siku mbili kwa wiki apate kulala.

Kaka zako kama wana mshahara wasitume mwezi wa kumi na moja wakati nyie huko mnazo, wakae wajipange, zamu yao ianze mwezi wa tatu mpaka mnada ufunguliwe tena, waambie sasa hivi sio siku dawa imeisha.