Mwani sugu: kabla hujatia dawa kwenye tenki la nusu maji

Kila msimu wa joto naletewa picha ileile. Kioo kimevaa kijani, jiwe la maporomoko limeota nywele, na chini yake swali: "Kaka, nitie dawa gani?" Wadogo zangu, nawapenda, na najua mmetoa hela nyingi kwenye hayo matenki ya nusu maji, yenye samaki chini na mimea ya nchi kavu juu. Lakini swali la dawa linanichosha, maana mwenye kuuliza mara nyingi ameshapita dukani na chupa iko mkononi. Mwani unaishi kwa mwanga na chakula. Dawa haigusi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

1. Mjue kwanza unayepambana naye. Vumbi la kahawia kwenye tenki jipya ni dayatomu, vimwani vidogo sana. Futa, subiri, litaisha tenki likikomaa. Maji yakiwa kijani kama mchuzi wa mchicha, zima taa na ulifunike tenki siku 3 au 4, huku pampu ya hewa ikifanya kazi. Utando wa kijani cha buluu, unaobanduka vipande vipana na kutoa harufu mbaya, si mwani kabisa. Ni bakteria. Uvute kwa mpira pamoja na uchafu wa chini na uongeze mzunguko wa maji pale ulipoota. Vishungi vyeusi kwenye kingo za majani ya anubiasi, ule mmea wa majani magumu, ndivyo vyenye kiburi kuliko vyote. Kata jani, usilionee huruma. Anubiasi hukua polepole, jani moja linakaa miezi chini ya taa, na mwani unapata muda wote wa kujenga. Kwao ni kando ya mito ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kwenye kivuli. Nanyi mnaiweka juu kabisa, karibu na taa, eti ionekane.

2. Taa saa 6 hadi 8 kwa siku, kwa taima, si kwa kukumbuka. Tenki halikai dirishani. Huku kwetu karibu na ikweta jua ni kama saa 12 mwaka mzima. Na hapa tenki la nusu maji lina tabu yake ambayo wenye tenki la kawaida hawaijui: taa mmeinunua kwa ajili ya mimea ya nchi kavu, kali, halafu chini yake kuna jiwe linalopitiwa na maji membamba mchana kutwa. Joto, mwanga, unyevu, na virutubisho vinaletwa na pampu bila kukoma. Kusugua jiwe hilo kila Jumapili ni kazi ya bure. Sogeza taa upande wa mimea, kisha yapitishe maji kwenye mfereji mmoja badala ya kuyatandaza jiwe zima.

3. Punguza chakula. Kujazia maji yaliyokauka si kubadilisha maji. Mizizi ya pothosi, ule mmea wa nyumbani unaotambaa, ikining'inia majini hunyonya sana naitreti, yaani chakula cha mwani kinachotokana na uchafu wa samaki.

4. Mrututu, yaani salfeti ya shaba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwezi huu tu vijana wawili wameniuliza kipimo chake, na mimi niliutumia.

Nilikuwa na tenki ninalolipenda, lina konokono, uduvi na samaki wadogo, na mwani wa nyuzi ulinishinda. Nilikuwa nimesikia mrututu unatiwa mabwawani, na ni kweli, shaba inaua mwani. Sikuuliza inaua nini kingine. Zamani mrututu ulimwagwa kwenye maji makusudi ili kuwaua konokono wanaobeba kichocho. Nami nikautia kwenye tenki lenye konokono ninaowafuga.

Asubuhi nilifurahi. Nyuzi zilikuwa zimepauka, zinakatika zenyewe. Jioni konokono walikuwa wamedondoka kutoka kwenye kioo, miguu imelegea nje ya kombe, ukiwagusa hawajikunji. Uduvi walikuwa wamegeuka pinki, wamelala ubavu kwenye changarawe. Kisha samaki wakapanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wanahema. Hao hawakuwa wakiuawa na shaba peke yake. Mwani mwingi ukifa kwa pamoja huoza, na bakteria wanaouozesha hunyang'anya oksijeni, huku amonia, sumu itokanayo na uozo, ikipanda. Maji yangu ni laini, na kwenye maji laini shaba huwa kali zaidi. Nilibadilisha maji usiku kucha na samaki wengi hawakupona.

Na hayakuishia hapo. Shaba hushikamana na changarawe na udongo. Uduvi niliowatia baadaye, nikiamini tenki limeshatakata, walikufa pia, na mwisho nilimwaga kila kilichokuwa chini. Mwani ulirejea kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu taa ilikuwa palepale na mkono wangu wa kulisha ulikuwa uleule. Nakuombeni sana, msiutie.

5. Konokono ndio wafanyakazi, na wa kwetu wapo. Yule wa milia, Neritina natalensis, ni wa pwani hii hii, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, kwenye midomo ya mito na mikoko. Anakwangua kioo vizuri ajabu. Atakuachia mayai, vidoto vyeupe vigumu kwenye magogo. Kwenye maji yasiyo na chumvi hayakui, kwa hiyo hatakujazia tenki. Ila sikilizeni: msiende kuokota konokono kwenye majaruba ya mpunga, mabwawa au kingo za ziwa mkawaleta sebuleni. Biomphalaria na Bulinus, wanaobeba kichocho, wanaishi humo humo, na mkono unaotumbukiza tenkini ni mkono usio na glavu. Nunua waliozalishwa kwenye tenki, au wa mikokoni kutoka kwa mtu anayewatambua.

6. Filta isuuzwe kwa maji uliyoyatoa tenkini, isipitishwe chini ya bomba. Klorini ya maji ya bomba inaua bakteria wanaogeuza amonia, na usisafishe filta, changarawe na mawe siku moja. Umeme ukikatika usiku kucha, filta ya kopo, ile iliyofungwa inayokaa nje ya tenki, usiiwashe hivi hivi umeme unaporudi. Ifungue, mwaga maji yaliyolala ndani, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tenki, ndipo uiwashe.